Nyumba Moja, Sindano Moja

Je, tulikuwa tumewachanja wale watu, au tulikuwa tumewadunga maji?

Swali hilo lilininyima usingizi nilipokuwa na umri kama wenu, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na kichwa changu kinafikiri hata kisipoombwa. Nasikia ninyi mnaoanza kazi ya maabara mnasema hamlali kwa sababu ya wasiwasi. Karibuni nyumbani. Mimi nilikuwa kijana ambaye akichemsha maji ya chai anasimama kuyatazama, akijiuliza kama yamechemka kweli au yanajifanya. Nikifunga mlango nilirudi kuuangalia. Nikimsalimia mtu, nilikwenda mwendo mrefu nikichambua jinsi alivyonijibu. Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kulinda uhai wa watu kwa kitu kisichoonekana kwa macho, umemwibia kitanda.

Kitu chenyewe kilikuwa chanjo ya homa ya manjano. Ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachobebwa na mbu, na kirusi hicho kina ukoo mkubwa. Dengi ni wa ukoo huo, homa ya Nile Magharibi pia, na wengine ambao hata majina yao ni ya kuumiza ulimi. Miaka ya sabini ofisi yetu ya Nairobi ilipima damu ya tumbili wa msitu mmoja wa chemchemi, upande wa chini wa Makindu, ikakuta dalili kwamba homa ya manjano iliwahi kupita humo. Tumbili akiugua akapona hakwambii. Damu yake ndiyo inayosema.

Kando ya msitu huo palikuwa na kijiji. Wanawake waliingia msituni kutafuta kuni, wanaume walitundika mizinga ya nyuki. Mbu wa msitu hutaga mayai kwenye matundu ya miti, na mayai hayo hukaa makavu yakisubiri mvua kama mkulima wa Ukambani anavyoisubiri. Mvua ya mwisho wa mwaka ikinyesha, matundu yanajaa, mbu wanaanguliwa, na mbu aliyemuuma tumbili leo atamuuma mama mwenye kuni kesho kutwa. Tukaamua kuwachanja wote wanaoingia msituni kabla ya mvua.

Sasa sikilizeni. Chanjo hii ni kirusi chenyewe, ila kimepunguzwa ukali. Ni kitu hai. Joto likikiua njiani, unabaki na maji safi kabisa yasiyo na kazi. Na maji hayo ukiyatazama kwenye chupa yanafanana na chanjo nzima kama mapacha.

Dereva wetu alikuwa Mutisya, Mkamba wa Kwa Vonza, mtu mfupi mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi yake. Gari letu lilichemka kabla ya kufika Emali. Si kosa la mtu, ni jua na mlima na rejeta kuukuu. Tulikaa kando ya barabara, malori yakitupita kwa vumbi na honi, nami nikawa nafungua sanduku la barafu lililobeba chanjo kila mara kuhakikisha barafu ipo. Mutisya akanitazama kwa muda.

"Bwana Gitau, unafungua hiyo kitu tena?"

"Naangalia kama baridi ipo."

"Ipo. Na kila ukiangalia, inatoka kukusalimia."

Tulipofika Emali, kiganja changu kiliniambia kwamba maji yaliyo sandukuni yangefaa kumwogeshea mtoto. Mutisya aliingia bucha moja akatoka amebeba pande la barafu limefungwa kwa gunia.

"Hii imekaa na nyama ya mbuzi," nikamwambia. "Ina damu."

"Wewe unataka barafu, ama unataka barafu imeokoka?"

Tukaijaza sandukuni, tukaendelea. Makindu tulikula kwenye hekalu la Wasikh, wanakolisha wapita njia bure, kama alivyofanya kila msafiri mwenye akili, na hata pale, mbele ya chapati moto, mimi nilikuwa nahesabu joto moyoni. Je, chanjo ilikuwa imekufa? Kama imekufa, ilikufa yote au nusu? Je, kirusi nusu mfu ni nini? Mutisya alikula chapati zake, kisha akala zangu.

*

Pale kijijini tulipokelewa na Mama Mutua. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya. Mliolelewa mjini labda hamjui mwethya, na mimi sikujua vizuri pia. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaweka duka Makindu, kwa hiyo Kikamba changu kilikuwa cha kuuza sukari na chumvi. Mwethya ni kundi la wanawake wanaofanyiana kazi: leo wanachimba matuta kwa fulani, kesho kwa mwingine, keshokutwa wanajenga bwawa la mchanga mtoni ili maji yasipotee. Mama Mutua alipuliza filimbi. Wanawake wakaja kama waliokuwa wamejificha nyuma ya filimbi ile.

Nikawaeleza kwamba nataka kila anayeingia msituni. Wakapanga mstari. Sijawahi kuona foleni ya namna hiyo, si benki, si kanisani siku ya meza ya Bwana. Nikadunga, nikadunga, Mutisya akifukuza mbuzi. Tulipomaliza Mama Mutua akasema kwa fahari, "Haya, daktari. Nyumba zote zimefika."

Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa Mutisya jinsi wenyeji walivyotii. Baada ya wiki kadhaa tulirudi kuchukua damu kidogo ya kila mmoja, tuone kama chanjo imeshika. Filimbi ikalia. Nikaita majina, moja moja, na kila jina lilijibiwa "Eee!" na mkono ukanyooshwa. Na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye haya, mbele ya wanawake wengi namna ile wenye vicheko na vitambaa kichwani, niliangalia mikono tu. Naweza kuwaambia mpaka leo mishipa yao ilikaa vipi. Sura sikuziona.

*

Ngojeni niwaeleze tulivyopima, maana ninyi mnapima kwa njia nyingine, na msipojua ya zamani hamtajua kwa nini ya sasa ni starehe.

Kirusi hakina miguu, hakina tumbo, hakina aibu. Hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli ya mtu. Kwenye gamba lake la nje kina sehemu za kushikia. Kinaishika seli, seli inakimeza ikidhani ni chakula, na kule ndani, kwenye kifuko chenye uchachu, gamba linafunguka na kirusi kinashusha mzigo wake. Hapo seli imetekwa, sasa itatengeneza virusi vipya mpaka ichoke.

Mwili uliochanjwa vizuri huwa na kingamwili. Si kila kingamwili ni ya maana sawa. Zile tunazozitafuta ni zinazokizima kirusi: zinakigandia kwenye gamba, kikakosa pa kushikia. Na hata seli ikikimeza, gamba limebanwa, halifunguki. Kimeingia hadi chumbani kwa watu na mzigo mgongoni, lakini kamba haifunguki.

Mkubwa wangu, Daktari Ouma, Mjaluo mrefu aliyevaa tai hata Jumamosi, alinifundisha jambo moja ambalo nawaachia ninyi. Kulikuwa na vipimo rahisi vilivyoonyesha kwamba damu inakitambua kirusi. Mimi nikavipenda kwa sababu vilitoa majibu haraka. Akaniambia, "Gitau, kila mtu pale sokoni Emali anamtambua mwizi wa mbuzi. Je, amemkamata?" Vile vipimo vilikuwa vinachanganya ndugu. Damu ya mtu aliyewahi kuugua dengi ikikutana na homa ya manjano inasema, "Namjua huyu," kumbe inamjua binamu yake. Kutambua ni jambo moja, kuzima ni lingine. Kwa hiyo tulifanya kipimo kigumu, cha kuzima.

Unachukua maji ya damu ya mtu, unayachanganya na kiasi kinachojulikana cha kirusi, unayaacha kwenye joto kidogo yapambane. Kisha unadunga mchanganyiko huo kwa watoto wachanga wa panya weupe. Kama damu ina kingamwili za kuzima, kirusi kimekwisha nguvu, panya wanakua wakiwa wanono. Kama haina, panya wanaugua. Siyo kazi ya kufurahisha na sitawadanganya kwamba nilizoea. Miaka ya baadaye tulianza kutumia seli zilizooteshwa kwenye chupa, zikatandaa chini kama zulia. Kirusi kikiwa hai kinatoboa zulia matundu, kikiwa kimezimwa zulia linabaki zima. Siku niliyoona zulia la kwanza nilitaka kumkumbatia aliyelibuni. Zulia haliwezi kula watoto wake.

Naam, mama panya hula watoto. Ukimshikia mtoto wake kwa mkono wenye harufu ngeni, anamkataa, na kumkataa kwake ni chakula cha mchana. Mimi nilikuwa napaka mafuta ya nywele yenye harufu ya maua, nikiamini mhitimu lazima anukie. Asubuhi moja nikakuta kizimba kimoja kitupu na mama ameketi ametulia, anajisafisha masharubu. Daktari Ouma akaninusa kutoka mlangoni. "Gitau, umekuja kazini au umekuja kuposa?" Tangu siku hiyo nilinawa kwa maji matupu, nikasugua mikono kwa taka za kizimba chenyewe kabla ya kushika mtoto wa panya. Nilinuka panya kwa muda mrefu. Hata kanisani watu waliniachia benchi.

Damu za kijiji tulizipima kwa njia hiyo. Karibu nusu zilizima kirusi vizuri kabisa. Nusu nyingine hazikufanya lolote. Panya waliugua kama vile mtu hajawahi kuona sindano.

Hapo ndipo lile swali lilipozaliwa. Barafu ya bucha, rejeta iliyochemka, na mimi nikifungua sanduku kila mara kuisalimia baridi. Tulikuwa tumewaambia wale wanawake, "Sasa mko salama, ingieni msituni." Je, nusu yao walikuwa wakiingia na maji mwilini? Nami nikaanza kufikiri, na nikianza huwa sina breki. Labda chupa za mwanzo zilikuwa hai na za mwisho zilikufa. Lakini mbona majibu mabaya yalichanganyika, wa mwanzo na wa mwisho? Labda panya walikuwa na homa yao. Labda niliandika vibaya majina ya vichupa. Labda ni mafuta ya nywele.

"Gitau," Daktari Ouma akaniambia, "wewe unafikiri mpaka viti vinachoka. Enda ukawaulize. Nani alipata homa baada ya sindano, nani aliumwa mkono, nani alikuwa mgonjwa tayari. Damu imesema, sasa waulize wenye damu."

*

Tuliwakuta wanachimba matuta kwenye shamba la mteremko, majembe yakipanda na kushuka kwa wimbo. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa vilima vya Chyulu, si ya mvua bado, lakini ya ahadi. Mama Mutua akawasimamisha. Wakaketi kwenye udongo mpya, wakapitishiana kibuyu cha uji.

"Wĩ mũseo, mwaitu?" nikamsalimia kwa Kikamba changu cha dukani.

"Nĩ mũseo, mwana wa duka. Umekuja na sindano ama umekuja na posho?"

"Nimekuja na maswali."

"Aii! Hiyo hatujaagiza," akasema mmoja, na wote wakacheka.

Nikajaribu kuwaeleza kingamwili. Niliwaza mfano njiani kote, na nilijivunia. "Mnajua panya akiingia kwenye mzinga? Nyuki wanamuuma anakufa, lakini ni mzito, hawawezi kumtoa. Basi wanafanya nini?"

"Wanampaka gundi," wakajibu pamoja, kama watoto wa Sunday school. Ukambani hakuna asiyejua nyuki.

"Sasa damu iliyochanjwa ina nyuki. Kirusi kikiingia, wanakipaka gundi mwili mzima, hakiwezi kushika kitu, hakiwezi kufungua kitu. Ninachotaka kujua ni kwa nini nusu yenu hamna nyuki."

 Mama Mutua akauliza, "Nani hana?"

Sikutaka kutaja majina hadharani, lakini macho yao yalinilazimisha. "Kwa mfano wewe, mama."

"Mimi?" Akasimama. Alikuwa mwanamke mkubwa, magoti yalimsumbua, akasimama kwa hatua tatu. "Mimi mkono wangu ulifura kama ndizi! Nililala na homa siku mbili! Nyuki zangu ziko wapi?"

"Hazikuwa kwenye damu yako."

Akafikiri kidogo. Halafu akageuka kwa msichana mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akisugua jembe kwa jani. "Ndinda, kuja hapa. Daktari, mwangalie huyu. Huyu ni bibi ya kijana wangu. Damu ilikuwa yake."

"Damu ipi?"

"Hiyo yangu. Siku ya damu nilikuwa nimepeleka mbuzi soko ya Emali. Nikamwambia Ndinda aende atoe."

"Atoe damu yako?"

"Sasa ningefanya nini, nyumba yetu ikose?" Aliniangalia kwa huruma. "Mwethya haikosi mtu, kijana. Mimi nikiwa mgonjwa anachimba yeye. Yeye akijifungua nachimba mimi. Nyumba moja, jembe moja. Ulisema kila nyumba inayoingia msitu, hatukukuaibisha hata kidogo. Nyumba moja, sindano moja."

Sikuwa nimesema kila nyumba. Nilikuwa nimesema kila anayeingia. Lakini kwao hakuna tofauti: anayeingia msituni anaingia kwa ajili ya nyumba, na anayedungwa anadungwa kwa ajili ya nyumba. Nikamtazama Ndinda, kwa mara ya kwanza nikitazama uso badala ya mkono. Alikuwa na umri kama wangu.

"Wewe ulichanjwa?"

"Hapana. Mama alichanjwa."

"Na nani anaingia msituni kutafuta kuni?"

"Mimi. Mama magoti yanamuuma."

Mutisya, aliyekuwa ameegemea gari, alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Kumbe yule aliyekuwa na nyuki alikuwa ameketi nyumbani, na yule asiye nao ndiye aliyekuwa akipita chini ya miti yenye mbu kila siku, akiamini kwamba nyumba yake imeshalipa.

Sasa wote wakaanza kusema kwa pamoja. Huyu alichanjwa kwa niaba ya mumewe mtega nyuki. Huyu alitoa damu ya dada yake. Huyu alichanjwa na pia akatoa damu, lakini kwa majina mawili, kwa kuwa jirani alikuwa amekwenda mazishi. Nikaketi kwenye tuta. Siku zote hizo nilidhani nimepima chanjo, kumbe nilikuwa nimepima ushirikiano.

"Kwa hiyo hii nyuki haiwezi kutumwa?" akauliza mmoja.

"Haiwezi. Damu ya mama mkwe haiingii kwa bibi ya mtoto. Mtu mmoja tu duniani ndiye anayeweza kutumiwa kingamwili na mwingine, mtoto aliye tumboni. Mama humpa zake kabla hajazaliwa, zinamlinda miezi michache, kisha zinakwisha anajitafutia."

"Basi huyo mtoto ana bahati," akasema Mama Mutua. "Sisi wengine tulizaliwa zamani."

Nilicheka.  Barafu ya bucha haikuwa na hatia! Chanjo ilikuwa hai! Ni watu tu waliochanganyika!

Ndipo mwanamke mmoja mwembamba, Mama Kioko, akainua mkono polepole. "Na mimi?"

Nilimkumbuka kwenye orodha ya wasiokuwa na kitu. "Wewe ulituma nani?"

"Sijatuma mtu. Mimi ni mjane, nyumba yangu ni mimi. Nilichanjwa mimi, nikatolewa damu mimi."

Nikatoa orodha, nikaweka alama kando ya jina lake.

*

Usiku wa mtu anayefikiri sana hauhitaji giza. Wangu ulianza palepale, saa nane mchana, garini tukirudi Makindu. Mama Kioko alikuwa wa kundi lipi? Labda chupa yake ndiyo iliyokufa kwa joto. Labda alikuwa miongoni mwa wachache ambao mwili wao hauitikii. Labda panya zangu. Na wale wengine ambao hawakuwepo shambani siku ile, je? Sikuweza kujua ni nani aliyetuma mwingine na ni nani aliyepewa maji.

Nilikwenda posta Makindu nikampigia Daktari Ouma simu. Nilisema maneno mengi mpaka opereta akatuuliza kama tumemaliza.

"Njia sahihi," akasema Daktari Ouma, "ni kuanza upya. Kila mtu kwa jina lake na uso wake, tuchukue damu, tupime, kisha tuwachanje wale tu ambao hawana."

Ilikuwa njia sahihi kweli. Kitabuni ningeiandika hivyo hivyo. Lakini damu ipelekwe Nairobi, panya wazaliwe, panya wasubiriwe, majibu yarudi. Kupitia mlango wa posta niliweza kuona mawingu ya Chyulu yamekuwa mazito kuliko asubuhi. Matundu ya miti hayangesubiri panya zetu.

"Daktari," nikasema, "na tukiwachanja wote tena bila kupima?"

"Wengine tayari wana kingamwili."

"Ndiyo. Hao chanjo haitawadhuru. Kingamwili zao zitakizima hicho kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kitu. Itakuwa sindano ya bure tu. Wasio nazo watapata. Hatuhitaji kujua nani ni nani."

Nikamsikia kwenye waya akifunua daftari la stoo.

"Chanjo ipo," akasema mwishowe. "Naituma kwa treni ya leo, na barafu ya kutosha, na usiifungue njiani. Lakini jambo moja, Gitau. Ukienda kuwadunga mara ya pili, watakuuliza ile ya kwanza ilikuwa nini. Ukisema hujui, wanaweza wasiamini sindano yoyote tena maisha yao yote, na watoto wao. Ukiwadanganya, mimi sitakuwa upande wako. Wewe ndiye utasimama pale. Amua."

Simu ikakatika. Mutisya alikuwa nje anakula ndizi.

"Amesema nini?"

"Amesema niamue."

"Na umeamua?"

Nilianza kumpa hoja za upande mmoja, kisha za upande wa pili. Alipomaliza ndizi ya pili akasema, "Bwana Gitau, hebu niulize kitu. Huyo bibi ya Mutua, ataingia msitu kesho?"

"Ataingia."

"Haya." Akatupa ganda.

Nikasimama hapo na lile "haya" lake. Hoja zangu zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyomzuia Ndinda kwenda kuni kesho yake. Nikarudi ndani ya posta nikamwomba opereta aniunganishe tena. Nikamwambia Daktari Ouma kwamba nitawachanja wote, na nitasema sijui.

Kesho yake tuliipokea chanjo kituo cha Makindu alfajiri. Sikuifungua. Hata kiganja sikukiweka. Mutisya alinitazama njia nzima akingoja nishindwe.

Filimbi ikalia. Safari hii nilimwomba Mama Mutua awaite watu, siyo nyumba, na wanaume warudi kutoka kwenye mizinga. Wakaja wengi hivi kwamba mbuzi wenyewe walikosa nafasi. Nikapanda juu ya tuta, nikawaambia. Barabarani joto liliingia sandukuni. Baadhi yao huenda walichanjwa vizuri, baadhi walitumana, na huenda baadhi walidungwa chanjo iliyokwisha kufa. Siwezi kuwatenganisha. Aliyekwisha kupata kinga, sindano ya leo haitamfanya kitu. Asiye nayo, itampa. Wajawazito wasubiri. Wengine wote waje, kila mtu kwa mkono wake.

 

"Kwa hivyo," akasema Mama Mutua, "ile ya kwanza, hujui?"

"Sijui, mama."

"Ulisoma kutojua miaka mingapi?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja wa mizinga alinyanyua kofia yake akaniinamia. Mimi masikio yalinichoma, lakini sikushuka kwenye tuta. Mama Mutua alipomaliza kufuta machozi akaniangalia vizuri, kama mtu anayepima uzito wa mbuzi kwa macho.

"Mwana wa duka hajui, na amesema hajui," akawaambia wenzake. "Mimi nitadungwa. Nyuki zangu zikae na kazi kidogo." Akavuta kanga begani, kisha akasita, akarudi nyuma hatua moja, akamshika Ndinda mkono akamsukuma mbele yake. "Lakini huyu kwanza."

Ndinda akafika mbele yangu na kamba ya kuni bado imezungushwa kiunoni. Nikamtazama usoni.

"Jina lako?"

"Ndinda."

"Umekuja kwa niaba ya nani?"

"Yangu," akasema, akafumba macho, nami nikadunga.